Watani wa Jadi wa Brooklyn: Klabu za Mwanzo za Besiboli na Kalamu Zilizozisimulia



Wengi wetu tuliohamia Marekani tumeishi na mchezo wa besiboli kama mtu anavyoishi na jirani asiyemjua jina. Tunausikia redioni, watoto wetu wanaucheza shuleni, wenzetu kazini wanaubishania msimu mzima, nasi tunaitikia kwa adabu tu. Tukiulizwa, tunasema ni mchezo mrefu na hauna mbio za kandanda. Hata hivyo, upo upande mmoja wa mchezo huu ambao Mswahili yeyote aliyekulia katikati ya mabishano ya Simba na Yanga, au ya Gor Mahia na AFC Leopards, atauelewa bila kufundishwa, nao ni upinzani wa klabu.

Safari hii tunapenda kupima namna waandishi walivyousimulia upinzani wa klabu za mwanzo kabisa, zile za ridhaa za New York, Brooklyn na Philadelphia, kati ya mwaka 1845 na 1870. Tutawagusa Henry Chadwick, mwandishi wa magazeti. Charles Peverelly na kitabu chake cha mwaka 1866. Albert Spalding na kitabu chake cha mwaka 1911. Na wanahistoria wawili wa zama zetu, Warren Goldstein aliyechapisha mwaka 1989 na John Thorn aliyechapisha mwaka 2011. Masimulizi ya zamani yanapenda kutuambia kwamba palikuwa na mchezo safi wa waungwana, kisha ukaingia ushindani mkali, umati na fedha, mchezo ukachafuka. Sisi tumesoma na hatukubaliani. Kwa maoni yetu upinzani ndio uliojenga mchezo huu, na madhara makubwa yalitokea pale watu walipoanza kuchagua nani anastahili kuitwa mpinzani na nani hastahili.

Barua, mpira na chakula

Klabu ya Knickerbocker iliundwa New York tarehe 23 Septemba 1845. Wanachama wake walikuwa wafanyabiashara, makarani, watu wa benki na madaktari, watu waliokuwa na nafasi ya kutoka mchana kwenda kucheza. Walivuka mto kwa kivuko hadi Elysian Fields, Hoboken, na mara nyingi waligawana wao kwa wao. Tarehe 19 Juni 1846 walikutana na timu iliyojiita New York, wakafungwa 23 kwa 1 katika zamu nne. Kwa miaka mingi vitabu viliutaja mchezo huo kuwa wa kwanza kabisa baina ya klabu mbili. Leo tunajua kwamba Oktoba 1845 wachezaji wa New York na wa Brooklyn walikuwa wamekwisha kupambana, na magazeti ya wakati ule yalitoa habari zake. Kwa hiyo upinzani wa miji hii miwili, iliyotenganishwa na mto tu, una umri sawa na mchezo wenyewe.

Mapambano ya klabu yalikuwa na adabu zake. Katibu wa klabu moja aliandika barua rasmi ya kualika, katibu wa klabu ya pili akajibu kwa barua, wakakubaliana siku, uwanja na mwamuzi. Aliyeshindwa alimkabidhi mshindi mpira uliochezewa. Mpira ule ulipakwa rangi, ukaandikwa tarehe na matokeo, ukawekwa katika kabati la klabu. Baada ya mchezo wenyeji waliwakaribisha wageni mezani, hotuba zikatolewa, pande mbili zikashangiliana. Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani, na desturi ile ya kukabidhi mpira ilikuwa njia ya kulisema jambo hilo hadharani.

Jambo hili ni la kutazamwa vizuri, kwani ndilo litakalotuongoza katika kuvihukumu vitabu. Kumwandikia mtu barua ya kumwalika uwanjani ni kukiri kwamba yeye ni mwenzako. Hukualika usiyemhesabu. Mpinzani basi alikuwa mtu aliyekubaliwa, hata kama siku ya mchezo alitukanwa.

Kipimo kinazaliwa na mgeni

Sisi tuliosomea uhandisi tunavutiwa na suala la vipimo. Kanuni za Knickerbocker za mwaka 1845 zilipima uwanja kwa hatua: hatua 42 kutoka kituo cha nyumbani hadi cha pili, na hatua 42 kutoka cha kwanza hadi cha tatu. Hatua za nani? Klabu inapocheza yenyewe kwa yenyewe swali hilo halina uzito, kwa kuwa mrefu na mfupi wote wanatumia uwanja uleule. Mgeni anapoingia, na nyuma yake wakaja watu wake na majivuno yao, hatua haitoshi tena. Vivyo hivyo katika kumaliza mchezo. Kanuni za awali zilisema anayefikisha alama 21 ndiye mshindi, jambo lililoweza kumaliza pambano haraka mno au kulichelewesha hadi giza.

Mwaka 1857 wajumbe wa klabu 16 walikutana New York, wakiongozwa na Daktari Daniel Adams wa Knickerbocker, wakaamua mambo ambayo bado yanatumika: zamu tisa, wachezaji tisa kila upande, na futi 90 baina ya kituo na kituo, yaani kama mita 27 na nusu. Mwaka uliofuata, 1858, kikaundwa chama cha taifa cha wachezaji. Mwaka huohuo wachezaji bora wa New York na wa Brooklyn walipambana mara tatu katika uwanja wa mbio za farasi ulioitwa Fashion, huko Queens. New York walishinda wa kwanza 22 kwa 18, Brooklyn wakashinda wa pili 29 kwa 8, na New York wakamaliza kwa 29 kwa 18. Watazamaji walitozwa kiingilio, na kilichobaki baada ya gharama kilipelekwa katika mifuko ya wajane na yatima wa wazimamoto.

Tukivisoma vitabu vyetu kwa jicho hili, Peverelly anapanda thamani. Kitabu chake ni kikavu. Kinaorodhesha klabu, siku zilipoanzishwa, viongozi wake na matokeo ya mechi zake, na msomaji anayetaka hadithi atasinzia. Lakini orodha zile zinatuonyesha mtandao mzima wa mialiko: nani alicheza na nani, mara ngapi, na nani alikoma kucheza na nani. Mtu akitaka kuujua ujirani wa watu, daftari la mialiko litamweleza mengi kuliko hotuba za karamuni.

Siku Excelsior walipoondoka uwanjani

Mkasa unaorudiwa na kila mwandishi ni wa mwaka 1860, baina ya klabu mbili za Brooklyn, Excelsior na Atlantic. Excelsior walihesabiwa watu wa tabaka la juu kidogo, na walikuwa na Jim Creighton, mrushaji kijana ambaye mpira wake uliwashinda wapigaji wengi. Atlantic walipendwa na mafundi, vibarua na vijana wa mitaani. Tarehe 19 Julai Excelsior walishinda 23 kwa 4. Tarehe 9 Agosti Atlantic wakalipiza 15 kwa 14. Pambano la tatu, la kuamua, likawekwa tarehe 23 Agosti, na maelfu ya watu wakafurika.

Ilipofika zamu ya sita Excelsior walikuwa mbele 8 kwa 6. Mashabiki wa Atlantic, na wengi waliokuwa wamecheza kamari, walipiga kelele na matusi kwa kila uamuzi. Kapteni wa Excelsior, Joseph Leggett, akawatoa wachezaji wake uwanjani. Mchezo ukahesabiwa sare. Klabu hizo mbili hazikukutana tena.

Chadwick ndiye sauti kubwa ya zama hizo. Alizaliwa Exeter, Uingereza, mwaka 1824, akaletwa Marekani akiwa mtoto, akaanza kwa kuandika habari za kriketi kabla ya kuupenda mchezo huu. Ndiye aliyeliendeleza jedwali la alama linaloonyesha kila mchezaji alifanya nini. Tunamheshimu kwa hilo. Jedwali lake halijali kabila wala cheo: seremala na mwenye duka wamewekwa mstari mmoja juu ya mwingine, kila mmoja na tarakimu zake. Ila Chadwick huyuhuyu, alipoacha tarakimu na kushika maneno, aliandika kama mwalimu wa nidhamu. Kwake ushabiki na kamari vilikuwa adui wa mchezo wa kiume na wa kiungwana, na waandishi wengi waliofuata wakaurithi mtazamo huo. Ndiyo maana mkasa wa mwaka 1860 husimuliwa hadi leo kama siku ambayo wahuni waliwafukuza waungwana.

Hatusemi kwamba Leggett hakuwa na sababu. Kapteni anayehofia usalama wa watu wake ana haki ya kuwaondoa. Swali letu linahusu yaliyofuata. Siku moja ya vurugu ingeweza kutibiwa kwa uwanja mwingine, askari zaidi na barua mpya. Badala yake mlango ukafungwa moja kwa moja, na klabu mbili zilizokuwa bora kuliko zote katika mji mmoja zikaishi kama majirani waliogombana kwenye mazishi. Masimulizi yanayomlaumu shabiki peke yake hayaulizi kwa nini barua haikuandikwa tena, ilhali kimya kile ndicho kilichodumu kuliko kelele.

Fedha na hadithi ya enzi njema

Sehemu ya pili ya masimulizi ya zamani ni fedha. Mwaka 1859 chama kilipiga marufuku kumlipa mchezaji. Inaaminika kwamba Creighton mwenyewe, mfano wa kijana muungwana, alikuwa akilipwa kwa siri na Excelsior kabla hajafariki mwaka 1862 akiwa na miaka 21. Mwaka 1865 wachezaji watatu wa klabu ya Mutual ya New York walihusika katika kuuza mchezo dhidi ya Eckford ya Brooklyn kwa dola 100. Walifungiwa, lakini miaka michache baadaye wote walikuwa wamekwisha kurudishwa. Mwaka 1866 Atlantic na Athletic ya Philadelphia walifikia sare ya ushindi mmoja kwa mmoja, na pambano la kuamua halikuchezwa kwa sababu ya mzozo juu ya fedha za kiingilio. Tangu msimu wa mwaka 1869 chama kikaruhusu wachezaji wa kulipwa.

Hapa Goldstein ana jambo la maana sana. Anaonyesha kwamba kila kizazi cha wapenzi wa besiboli kimelia kwamba enzi njema imepita. Waliocheza mwaka 1857 walilalamika mwaka 1867. Waliocheza mwaka 1867 nao wakalalamika baadaye. Kilio hicho ni sehemu ya mchezo wenyewe, kama vile wazee wa barazani wanavyokuambia kila siku kwamba wachezaji wa leo si lolote. Goldstein pia anatukumbusha kwamba wachezaji wengi walikuwa watu wa kazi za mikono. Eckford, kwa mfano, walitokana na mafundi wa meli na klabu yao ilibeba jina la mjenzi wa meli, Henry Eckford. Mutual nao walitoka katika kikosi cha wazimamoto. Kwa watu kama hao, ujira wa uwanjani ulikuwa fidia ya siku ya kazi iliyopotea. Ni rahisi kudharau ujira ukiwa na duka linaloendeshwa na wasaidizi.

Kasoro ya Goldstein, kwa maoni yetu, ni kwamba ametegemea kwa kiasi kikubwa magazeti ya New York na Brooklyn. Anazisikiliza klabu kupitia masikio ya wanahabari, na klabu ambazo wanahabari walizipita, naye anazipita haraka.

Spalding aliyepotosha na kutunza

Albert Spalding alikuwa mrushaji hodari, kisha mfanyabiashara mkubwa wa vifaa vya michezo. Chadwick alikuwa akisema kwamba besiboli imetokana na mchezo wa watoto wa Uingereza. Spalding hakupenda, akachochea kuundwa kwa tume mwaka 1905. Mwishoni mwa mwaka 1907 tume ikatangaza kwamba mchezo ulibuniwa na Abner Doubleday kijijini Cooperstown mwaka 1839. Mwaka huo Doubleday alikuwa mwanafunzi wa chuo cha jeshi cha West Point. Kitabu cha Spalding cha mwaka 1911 kimejaa fahari ya taifa, na klabu za mwanzo zimefanywa ngazi ya kupandia kufikia utukufu wa biashara yake.

Kuna kichekesho hapa. Chadwick alipofariki mwaka 1908 maktaba yake iliangukia mikononi mwa Spalding, na mwaka 1921 mjane wa Spalding aliikabidhi hazina hiyo, pamoja na madaftari ya Knickerbocker, kwa maktaba ya umma ya New York. Mtu aliyeeneza ngano ndiye aliyetunza karatasi zinazoibomoa. Thorn amezitumia nyaraka za namna hiyo kwa ustadi. Anaonyesha kwamba kamari ilikuwepo tangu mwanzo, na kwamba pamoja na takwimu na magazeti ndiyo iliyoupa mchezo watu wake. Tunamsifu kwa ujasiri huo. Tunachomlaumu ni kwamba anavutiwa mno na watu waliokuwa nyuma ya ngano ya Doubleday, imani zao na urafiki wao, hadi katikati ya kitabu klabu zenyewe zinafifia.

Barua ambazo hazikujibiwa

Tumefika kwenye jambo ambalo kwetu ndilo zito kuliko yote. Mjini Philadelphia, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, palikuwa na klabu ya watu weusi iliyoitwa Pythian. Nguzo zake zilikuwa Octavius Catto na Jacob White, wote walimu. Walicheza na klabu nyingine za weusi, zikiwemo Alert na Mutual za Washington, na mmoja wa waliokuwa wakiandikiana nao ni Charles Douglass, mtoto wa Frederick Douglass. Barua zilikuwa zilezile za mialiko, karamu zilikuwa zilezile, na adabu ileile ya kumkiri mgeni.

Oktoba 1867 Pythian walimtuma mjumbe kwenye mkutano wa chama cha jimbo huko Harrisburg kuomba uanachama. Mjumbe alipoona kura haziko upande wake aliliondoa ombi. Desemba mwaka huohuo chama cha taifa, katika mkutano uliofanyika Philadelphia kwao, kikakubali kwamba isipokelewe klabu yoyote yenye mtu mweusi hata mmoja. Sababu iliyotolewa ni kuepusha mgawanyiko ndani ya chama.

Ndugu msomaji, linganisha. Chama kilekile kiliwafungia wauzaji mchezo kisha kikawarudisha. Kilipiga marufuku ujira kisha kikauruhusu. Kwa kila dosari ambayo Chadwick na wenzake waliilalamikia, palikuwa na njia ya kurudi mezani. Kwa Pythian mlango haukufunguliwa. Bado tarehe 3 Septemba 1869 walipata mpinzani: Olympic ya Philadelphia, klabu ya wazungu iliyoanza mwaka 1833, ilikubali kucheza nao na ikashinda 44 kwa 23. Mwezi uliofuata Pythian waliifunga City Item, klabu nyingine ya wazungu, 27 kwa 17. Tunadhani alama zile 23 za kushindwa zilikuwa na uzito kuliko ushindi mwingi wa Excelsior, maana zilitokana na mwaliko uliokubaliwa.

Catto alipigwa risasi na kufa tarehe 10 Oktoba 1871, siku ya uchaguzi, watu weusi walipokuwa wakishambuliwa kwa kwenda kupiga kura. Alikuwa na miaka 32. Mwaka 2017 jiji la Philadelphia lilimjengea sanamu mbele ya jengo la halmashauri. Kitabu cha Spalding kinachojinadi kuwa historia ya mchezo wa taifa hakikumpa nafasi inayomstahili.

Sasa, tunajuaje haya yote? Magazeti makubwa hayakujishughulisha nao sana. Tunajua kwa sababu Jacob White alikuwa katibu mwema. Alitunza barua za mialiko, majedwali ya alama na hesabu za klabu, na karatasi hizo zimehifadhiwa katika jumba la historia la Pennsylvania. Wanahistoria waliokuja baadaye hawakulazimika kumwomba Chadwick ruhusa.

Kwa msomaji anayetaka kuanza, ushauri wetu ni huu. Asome Goldstein kwanza ili aelewe kwa nini kila mtu analilia zamani. Afuate Thorn ili aondokane na ngano ya Cooperstown. Peverelly amfungue pale anapotaka kuhakiki tarehe au jina. Spalding amsome mwisho, kama mtu anavyosikiliza tangazo la biashara. Na katika vyote hivyo, aulize kila mara ni nani aliyeandika barua ya mwaliko na nani aliyekataa kuijibu.

Tungependa pia swali hilo liingie katika jumuiya zetu. Timu zetu za huku ughaibuni zinapambana kila kiangazi, mji na mji, Mkenya na Mtanzania, Mkongo na Mrundi, na mabishano yake yanatosha kujaza gazeti. Baada ya pilau kuliwa, matokeo yanabaki vichwani na kwenye simu zinazobadilishwa kila mwaka wa pili. Kila chama chetu kina mwenyekiti, na mara nyingi kina makamu wawili. Tungependa kusikia ni kipi kati yao chenye katibu mwenye daftari, na daftari hilo linakaa wapi.